Maji ya Njiwa wa Mzee Mansukhlal

Siku za shule mimi huamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, wala si kwa kupenda. Mama yangu ana sauti inayopita ukuta. "Jovi! Maji yametoka!" Hapo hata kama unaota uko Moshi kwa bibi, mkononi una sahani ya ndizi na nyama, utaruka kitandani. Kwenye jengo letu maji ya bomba hutoka kwa mgao, na yakitoka hayamsubiri mtu. Tunajaza pipa, tunajaza ndoo, tunajaza madumu, mpaka sufuria ya wali nayo inapewa zamu.

Jina langu Jovitha, niko darasa la sita. Tunaishi Kariakoo, ghorofa ya pili ya jengo la zamani ambalo hakuna anayekumbuka rangi yake ya kwanza. Chini kuna duka letu la vyombo vya plastiki. Baba husafiri sana kupeleka mzigo Arusha na Moshi, kwa hiyo nyumba na duka viko mikononi mwa mama. Na mama yangu, jamani, ni msafi wa kuogopwa. Majirani wakisikia kandambili zake ngazini hukimbilia mafagio.

Juu yetu, ghorofa ya tatu, anaishi Mzee Mansukhlal na familia yake. Alizaliwa humu humu kwenye jengo hili, na Kiswahili chake kinanishinda hata mimi. Mjukuu wake ni Hinal, rafiki yangu kipenzi, na tuna umri mmoja, miaka kumi na miwili. Hinal humwita babu yake "Dada," maana kwa Kigujarati hivyo ndivyo mtu anavyomwita babu mzaa baba. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nacheka mpaka tumbo linauma, kusikia mzee mwenye sharubu nyeupe anaitwa dada. Mimi namwita Babu, na yeye huitika.

Halafu kuna njiwa. Juu kabisa, kwenye paa la saruji, Mzee Mansukhlal ameweka mabakuli matano ya udongo yenye maji, na pembeni humwagwa mtama. Baba yake alifanya hivyo, na yeye akaendelea. "Kwetu Wahindu, kumpa ndege maji ni ibada," aliniambia siku moja. "Sisi tuna mgao, lakini angalau tuna bomba. Njiwa ana nini?" Kila alfajiri njiwa hujaa pale mpaka unakosa pa kukanyaga.

Mwezi wa nne, katikati ya masika, goti la mzee liligoma. Daktari akamkataza ngazi. Hinal hakuweza kumsaidia asubuhi, kwa sababu basi la shule yao humfuata kabla jua halijatoka. Ndipo mzee akaniita mimi.

"Jovitha, nakukabidhi njiwa wangu," akasema. "Mtama si tatizo, mwaga kopo moja, basi. Kazi iko kwenye maji. Kila siku mwaga yale ya jana yote. Sugua bakuli kwa brashi, ndani, mpaka kwenye ukingo. Ndipo uweke mapya. Usijazie juu ya yale ya zamani. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Babu."

"Haya, rudia."

Nikarudia yote, neno kwa neno. Akafurahi sana, akanijazia viganja viwili vya chevda, ule mchanganyiko wa dengu na karanga za kukaanga, nikashuka ngazi nikitafuna na kujiona mtu mzima.

Wiki ya kwanza nilisugua kana kwamba mama amesimama nyuma yangu. Wiki ya pili nikaanza kuangalia saa. Ndoo nzito, ngazi nyingi, brashi inachubua vidole, na mwalimu wa zamu shuleni kwetu hana masihara na wachelewaji. Asubuhi moja nikayatazama maji ya jana. Mbona masafi? Yalikuwa yanang'aa, huoni hata unyoya. Nikajiuliza, kwa nini nimwage maji safi wakati watu wanagombania maji? Nikajazia yaliyopungua, nikamwaga mtama, nikashuka mbio. Hakuna njiwa aliyelalamika.

Kesho yake nikajazia tena. Na keshokutwa. Brashi nikaiegemeza ukutani, ikakaa hapo.

Jioni mzee alikuwa na kawaida ya kukaa mlangoni kwake, mguu ameuweka juu ya stuli.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mwanangu. Umesugua leo?"

"Nimesugua."

Mara ya kwanza nilisema nikitazama chini. Mara ya tano nilisema nikimtazama machoni, tena nikitabasamu. Ukishauzoea uongo hata mate hayakukauki. Yeye akanipa chevda, nami nikala.

Sasa nikuambie kuhusu Anko Onesphory. Chini, kwenye baraza pembeni ya duka letu, yeye hutengeneza makatambuga, vile viatu vya matairi ambavyo havijui kuisha. Amekaa hapo miaka kumi na tisa, yaani mimi nimezaliwa nikamkuta. Matairi yake chakavu huyapanga uani, nyuma ya jengo. Begi langu la shule amelishona mara tatu bila hata kununa. Nikirudi shule huniwahi.

"Mambo, Jovi?"

"Poa, anko. Shikamoo."

"Ndiyo nini sasa? Unaanza na poa, unamalizia na shikamoo!" Kisha anacheka peke yake, nyundo ikiwa hewani.

Masika ilipokatika, mbu wakaanza. Si wale wa usiku wanaokuimbia sikioni. Hawa walikuwa wadogo, weusi, wenye madoa meupe miguuni, na walikuwa wanauma mchana kweupe bila aibu. Anko Onesphory alishona kwa mkono mmoja, wa pili ukijipiga kofi shingoni. Mama alipuliza dawa dukani mpaka wateja wakatoka nje wakipiga chafya. Watu wote walilaumu mtaro wa barabarani.

Jumanne moja Hinal hakwenda shule. Nilipanda kumwona jioni, nikamkuta amelala kitandani, uso mwekundu, mama yake anamkanda kwa kitambaa cha maji.

"Jovi," akasema kwa sauti ndogo, "macho yananiuma kwa nyuma. Hata kuyageuza siwezi. Na mifupa yote, kama nimepigwa."

"Utapona. Ni malaria tu."

"Wamepima. Si malaria."

Alhamisi wakampeleka hospitali, na habari ikashuka ngazi kabla ya mtu yeyote. Ni homa ya dengue, inayoletwa na mbu wanaouma mchana. Daktari alisema chembe zinazogandisha damu zimeshuka, kwa hiyo Hinal abaki wodini aangaliwe. Akawaonya pia wasimpe dawa za maumivu ovyo ovyo, kwa sababu nyingine humfanya mgonjwa wa dengue avuje damu. Mara tukasikia na wapangaji wawili wa ghorofa ya kwanza wana homa hiyo hiyo. Nilikuwa naogopa kwa ajili ya Hinal, na sikuwa nimefikiria jambo lingine lolote.

Jioni hiyo watu wakajaa uani. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Abdulhamid, alikuja na kofia yake na fimbo yake, akaelekeza fimbo kwenye matairi.

"Nyumba ya mbu hii hapa," akasema.

"Mwenyekiti, hebu njoo uyaangalie kwanza," Anko Onesphory akaanza.

"Kuna nini cha kuangalia? Mtoto mdogo anajua mbu hukaa kwenye matairi. Jumamosi asubuhi Bwana Afya anakuja, na gari la taka linakuja. Matairi yaondoke. Na wewe, fundi, tafuta sehemu nyingine ya kukaa. Tumevumilia vya kutosha."

Watu wakaitikia. Mama yangu, na nasema ukweli ingawa ni mama yangu, alikuwa mstari wa mbele. "Mimi nimesema siku nyingi, lile rundo ni uchafu mtupu!"

Anko Onesphory hakubishana tena. Alitazama matairi yake, kisha akawatazama watu ambao viatu vyao na mabegi yao amevishona miaka yote hiyo, akarudi barazani.

Ijumaa alfajiri nikapanda paani na ndoo yangu kama kawaida. Nilipoinama kujazia bakuli la kwanza, nikaona kitu kinacheza ndani ya maji. Nikasogeza uso. Vilikuwa viluwiluwi vya mbu, vyembamba, vimening'inia kichwa chini mkia juu, na kivuli changu kilipovigusa vikajikunja na kuzama vyote kwa pamoja. Tuliviona kwenye kitabu cha sayansi mwezi uliopita. Nilijua kabisa ni nini. Bakuli la pili, vile vile. La tatu, tele. La nne, la tano.

Kitu cha kwanza nilichofanya, na bado naona aibu kukisema, nilitazama nyuma kuona kama kuna mtu. Kisha nikamwaga yote haraka haraka juu ya saruji, nikajaza maji mapya, nikashuka. Yamekwisha, nikajiambia. Hakuna ajuaye. Viluwiluwi vimekufa, na mimi nimenyamaza, na mambo yataenda.

Lakini mchana, nikitoka shule, nikamkuta Anko Onesphory anafunga vyombo vyake kwenye kiroba. Nyundo, kisu, misumari, mkebe wa gundi. Hakuniambia "Mambo."

"Shikamoo, anko. Unaenda wapi?"

"Marahaba. Sijajua. Kuna mtu ananiambia Magomeni kuna nafasi, lakini Magomeni nani ananijua?" Akavuta tairi moja lililokuwa karibu. "Njoo nikuonyeshe kitu. Unaona hapa?"

Pale chini ya tairi kulikuwa na tundu, na pembeni jingine, na jingine.

"Natoboa kila tairi siku linapofika. Maji yakikaa ndani, mpira unanuka na waya unapata kutu. Siwezi kushonea mtu kiatu kinachonuka. Yamebaki matatu tu ya juzi ambayo sijayatoboa. Nilitaka kumwonyesha mwenyekiti, ameona ni maneno ya kujitetea." Akatikisa kichwa. "Wala simlaumu. Watu wana wagonjwa."

Nilitaka kusema pale pale. Mdomo ulifunguka, lakini kilichotoka ni, "Pole, anko." Nikakimbilia ndani. Chakula cha jioni kilinishinda. Mama akanishika paji la uso.

"Na wewe usije ukawa na homa! Unaumwa?"

"Hapana, mama."

"Macho hayaumi kwa nyuma?"

"Hapana."

"Basi kula. Wali haujakukosea kitu."

Nikala vijiko viwili, nikaenda kulala. Nilikuwa nafikiria baraza tupu lisilo na Anko Onesphory, na kila nilivyofikiria niliona mwenye makosa ni mimi, anayebeba kiroba ni yeye.

Jumamosi asubuhi gari la taka lilifika kweli, likaegesha nyuma ya jengo. Bwana Afya alikuja kwa miguu. Ni kijana mrefu aitwaye Ansbert, amevaa buti, mkononi tochi na kopo jeupe lenye mpini mrefu. Hakupiga kelele. Alianza na matairi, moja moja, akimulika ndani. Watu tukasimama kumzunguka, hata Mzee Mansukhlal alikuwa ameshushwa na vijana wawili, amekaa kwenye kiti cha plastiki kutoka dukani kwetu. Hinal alikuwa bado wodini.

"Haya mengi ni makavu," Bwana Afya akasema mwishowe. "Haya matatu yana maji kidogo, sijaona viluwiluwi. Lakini mbu wametoka mahali, na karibu. Je, kuna vyombo vingine vya maji humu?"

Kila mtu alimtazama jirani yake.

"Kwangu usithubutu hata kuuliza," mama akasema. "Mwulize yeyote hapa."

"Kama vyombo vingine vyote ni safi," Bwana Afya akasema, "siwezi kuyatetea matairi. Itabidi yaondoke."

Mzee Abdulhamid akampungia mkono kijana wa gari. Kijana akabeba tairi la kwanza, akalitupa juu, likalia puu! Anko Onesphory akageuza uso.

Hapo Mzee Mansukhlal akanyanyua kidole. "Ngoja, kijana. Nami nisije nikaficha. Mimi nina mabakuli ya njiwa huko juu. Lakini hayo yanasuguliwa kila siku, hayana shida. Huyu hapa Jovitha ndiye msuguaji wangu, atakuambia." Akanigeukia kwa fahari kabisa, kama babu yangu wa kunizaa. "Waambie, mwanangu."

Afadhali angenipiga kofi.

"Sijasugua," nikasema.

"Sema kwa nguvu, hatusikii," mwenyekiti akasema.

"Sijasugua! Wiki tatu sasa. Nilikuwa najazia tu. Babu akiniuliza nilikuwa namdanganya. Na jana nimeona viluwiluwi kwenye mabakuli yote matano, nikavimwaga ili nisijulikane. Si matairi. Anko Onesphory huyatoboa, nimeona kwa macho yangu. Msimfukuze. Ni mimi." Kisha nikaanza kulia vibaya, kwa kwikwi, mbele ya kila mtu.

"Jovitha!" Mama akiniita jina langu lote, mambo yameharibika.

Bwana Afya alinyoosha mkono kumtuliza mama. Akachuchumaa mbele yangu. "Ulimwaga na kusugua, au ulimwaga tu?"

"Nilimwaga tu, nikaweka mapya."

"Basi twende ukanionyeshe."

Tulipanda, na nusu ya watu wakatufuata. Njiwa wakaruka wote kwa pamoja. Bwana Afya akamwaga maji ya bakuli moja, akamulika tochi ndani, akatuita tusogee. Ukutani mwa bakuli, juu kidogo ya pale maji yalipoishia, kulikuwa na mstari wa vitu vyeusi vidogo sana, kama pilipili manga iliyosagwa.

"Hayo ni mayai," akasema. "Watu wengi hudhani mbu wote wanapenda mtaro mchafu. Huyu wa dengue anapenda maji masafi, tena karibu na watu. Na hatagi juu ya maji kama wenzake. Anataga ukutani mwa chombo. Ukimwaga maji, mayai yanabaki yameshika pale pale. Yanaweza kukaa makavu hata miezi. Siku ukijazia, maji yanapanda, yanayafikia, yanaanguliwa. Ndiyo maana mzee alikuambia usugue."

Mimi niliyekuwa najiona nimeokoa maji safi, kumbe kila asubuhi nilikuwa nawaangulia.

"Ni mimi niliyemfanya Hinal augue?" nikauliza.

Bwana Afya alifikiri kidogo kabla ya kunijibu, na mpaka leo namheshimu kwa hilo. "Hakuna anayeweza kujua ni mbu gani alimwuma rafiki yako, na alitoka chombo gani. Siwezi kukuambia ni wewe, na siwezi kukuambia si wewe. Nachojua ni kwamba mabakuli haya matano hayawezi kujaza mbu jengo zima. Kuna vingine." Akageuka kuwatazama watu wazima. "Haya. Mtoto ameshasema. Nani mwingine?"

Walikohoa kohoa. Kisha jirani wa ghorofa ya kwanza akasema ana pipa ambalo mfuniko wake ulipotea. Mwingine akakumbuka ndoo ya mopu kule bafuni. Mzee Abdulhamid akavua kofia, akajikuna kichwa, akasema polepole, "Mimi kwangu, nyumba ya pili hapo, kuna tangi. Nikisema ukweli wa Mungu, halijaoshwa tangu Ramadhani. Ya mwaka juzi." Watu wakaangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka.

Tukashuka ghorofa kwa ghorofa. Kwetu mama alifungua mlango kwa mbwembwe. Sakafu inang'aa, mapazia yamenyooka. Bwana Afya akazunguka, akasimama dirishani, kwenye zile chupa tatu za maji ambamo mama hupanda maua yake ya kutambaa. Akamulika. Viluwiluwi vikajikunja.

"Mimi?" mama akasema. "Kwangu mimi?" Akaketi kwenye kochi, mkono mdomoni. Halafu akainuka, akateremka mpaka uani bila kuvaa kandambili, akamwendea Anko Onesphory. "Fundi, nisamehe. Nilisema rundo lako ni uchafu, kumbe mimi nawafuga sebuleni. Nimekosa sana."

"Yamekwisha, mama," Anko Onesphory akasema. "Wewe ni mteja wangu."

Siku hiyo hakuna aliyefungua biashara kabla ya saa saba. Watu walisugua. Mapipa, ndoo, majagi, tangi la mwenyekiti, yote yalipata brashi na sabuni mpaka kwenye ukingo, na kila pipa lisilo na mfuniko mama akalipatia mfuniko kutoka dukani. Matairi matatu yalitobolewa, mengine yakafunikwa turubai. Lile lililokuwa limeshatupwa juu ya gari, mwenyekiti alilishusha mwenyewe, akalirudisha kwenye rundo, kanzu ikachafuka.

Nilimkuta Anko Onesphory anatoa vyombo vyake kwenye kiroba, kimoja kimoja. Nikakaa karibu naye. Alipanga nyundo, akapanga kisu.

"Jana ulikuwa unajua?" akauliza.

"Ndiyo, anko."

"Na ukaniambia pole."

"Ndiyo." Machozi yakanijaa tena.

"Iliniuma sana jana, Jovi, sikufichi. Miaka kumi na tisa, na hakuna hata mmoja aliyesema huyu tunamjua, hebu tuangalie kwanza." Akapanga na misumari. "Leo wewe umesema. Wewe ndiye uliyekuwa na cha kuficha kuliko wote, na ndiye pekee uliyesema. Basi. Leta hilo begi, kamba yake inakaribia kukatika."

Hinal aliruhusiwa Jumatatu, amekonda, shavu limeingia ndani. Nilimwambia mimi mwenyewe kabla hajasikia kwa wengine. Alininunia siku mbili nzima, na nilistahili. Siku ya tatu alinigongea mlango akasema amechoka kununa, njoo tucheze karata.

Lakini aliyenishinda kumkabili alikuwa Mzee Mansukhlal. Jioni ya Jumamosi ile ile nilipanda ngazi nikasimama mbele yake. Hakunikaripia. Alisogeza mguu, akanionyesha nikae kwenye stuli.

"Uvivu nimekusamehe," akasema. "Hata mimi nikiwa mdogo nilikuwa mvivu, na baba yangu alinikimbiza humu ngazini na kandambili. Mtu anachoka. Ungeniambia, Babu, leo sikusugua, ningemtafuta mwingine, au ningepanda mwenyewe hata kwa kukaa kitako, ngazi moja moja. Kilichoniumiza ni hiki. Nilikuuliza kila siku, na kila siku ukanijibu ndiyo, na mimi nikaenda kulala kwa amani."

"Nisamehe, Babu."

"Sikiliza kwanza. Jengo hili lina milango kumi na miwili. Hatuwezi kukaguana kila saa. Mimi naamini mama yako amesafisha kwake. Mama yako anaamini nimesafisha kwangu. Hivyo ndivyo watu wanavyoishi pamoja mjini bila kuumwa wote. Ukidanganya kwamba umekula, njaa ni yako. Lakini ukidanganya kwamba umesafisha, anayelazwa anaweza kuwa mtoto wa mwenzako, ambaye hata hakujua kuna uongo. Umenielewa?"

Alikuwa amelowa macho, na mimi pia. Nilifikiria Hinal na mrija wa dripu mkononi, kule wodini. Mzee aliniacha nilie mpaka nikamaliza.

"Nimeelewa, Babu."

"Haya. Basi kesho itakuwaje?"

"Kesho nitasugua. Na siku nikishindwa, nitakuja kukuambia."

Mzee Mansukhlal akaweka mkono wake mzito kichwani kwangu. "Hapo sasa," akasema.